Tanga la Kariakoo

Tanga langu lilichanika Alhamisi, nje kidogo ya Mjimwema, Kigamboni, kwa upepo ambao hata mtoto asingeuogopa. Haikuwa tufani. Ilikuwa kaskazi ya kawaida ya Januari, ile inayoanza pole pole karibu na adhuhuri na kupanda kadiri jua linavyoinama. Kitambaa kilikuwa kimeshaoza kwa chumvi na jua, kikalia mara moja kwa kishindo, na nusu yake ikabaki inapepea kwenye foramali, mti unaobeba tanga, kama kanga iliyosahauliwa kwenye kamba. Tukarudi kwa kafi, mimi na baharia wangu, kimya.

Jumapili tulikuwa na miadi. Mimi ndiye niliyezunguka miezi mitatu, kutoka Feri mpaka Buyuni, nikiwabembeleza wenye ngalawa waje tushindane kwenda kisiwa cha Sinda na kurudi. Mwenye shughuli hawezi kuwa wa kwanza kukosa. Kwa hiyo Ijumaa alfajiri nililikunja lile tanga bovu, nikalitia kwenye kiroba ili liwe kipimo, nikavuka kwenda mjini.

Pantoni ilikuwa imejaa kama kawaida yake: wafanyakazi, wanafunzi, baskeli zenye matenga ya mboga, pikipiki. Nilisimama ubavuni, mahali ambapo mtu anauona mlango wa bandari wote. Ni mlango mwembamba unaojipinda, na ukishaupita maji yanatulia kama ya mtungini. Utulivu huo ndio uliomvuta Sultan Majid wa Zanzibar miaka ya 1860 aje ajenge mji kando ya kijiji cha wavuvi cha Mzizima, akauita Dar es Salaam. Alifariki 1870 kabla hajaumaliza. Mji huu uliwekwa hapa kwa sababu chombo cha tanga kingeweza kulala salama, na hilo tumelisahau kabisa. Leo meli za makontena zinapita mlango uleule, na pembeni, karibu na mchanga wa Kigamboni, niliona ngalawa moja ikijikokota na tanga la viraka. Nikaihesabu. Ni tabia yangu, kila nikivuka nahesabu matanga. Asubuhi ile yalikuwa manne.

Soko la samaki la Feri hakuna anayekusubiri. Madalali walikuwa wameshaanza mnada, makuli wanapita na matenga yanayochuruzika maji wakipiga kelele tuwapishe, akina mama wa kukaanga samaki wamejipanga na ndoo zao. Nilikuwa na mtu wa kumtafuta: mzee mmoja wa Kimbiji, anayevua kwa ngalawa tangu mimi sijazaliwa, na ambaye watu wa upande ule wakimwona ametoka nao hutoka. Nilimkuta amekaa juu ya boya lililopasuka, anakunywa kahawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naona umekuja tena na maneno yako ya mashindano."

"Nimekuja kukukumbusha tu. Ni keshokutwa."

"Chombo changu ni cha kazi," akasema, bila kukasirika. "Mlingoti ukivunjika kwenye mchezo, wajukuu watakula kikombe?"

Swali hilo nimeulizwa kila ufuko, na sijawahi kulichukulia kama kisingizio. Mtu mwenye ngalawa moja hana chombo cha akiba. Ndiyo maana tulichagua Jumapili ya mwezi mpevu. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa hawatoki, kwa kuwa taa zao hazina kazi baharini kukiwa na mbalamwezi, na mabaharia wao wanashinda bure ufukoni. Tena siku hizo ni za bamvua: maji hupwa sana karibu na saa nne na nusu asubuhi, yakaanza kujaa, na ikifika saa nane mchana ngalawa zinaelea karibu na mchanga wa juu bila kubebwa mbali. Mvuvi wa mshipi angekuwa na asubuhi yake nzima ya kuvua kabla ya shughuli. Haya yote nilimweleza, naye akasikiliza akizungusha kikombe mkononi.

Kisha nikamkumbusha habari ya mjomba wangu. Miaka mingi iliyopita foramali yake ilikatika nje ya Kimbiji, wakati wa kusi. Alikuwa na kijana mmoja tu. Upepo uliwachukua kuelekea kaskazini tangu asubuhi hadi alasiri, na vyombo viwili vilipita kwa mbali vikidhani wanavua. Waliokolewa na jahazi lililokuwa linakuja Dar kutoka Mafia. Bahari siku hiyo haikuwa mbaya. Ila mjomba alitoka peke yake, na nchi kavu hakukuwa na mtu aliyejua atarudi saa ngapi. Vyombo vinavyotoka pamoja huhesabiana. Kikikosekana kimoja, wengine hugeuza omo.

"Kwa hilo la kutoka pamoja nakubaliana nawe," mzee akasema. "Hilo la kushindana, nitakuja kuangalia."

Mvuvi wa pwani akisema atakuja kuangalia, huja na chombo.

Kutoka Feri niliamua kutembea. Kiroba begani, nikafuata barabara ya ufukoni nikalipita kanisa la Azania Front na mnara wake, nikaipita gati ya boti za Zanzibar ambako abiria walikuwa wameshajipanga na mizigo, nikafika mahali panapoonekana vyombo vya mbao vya mizigo. Mengi ya majahazi yale sasa yana injini, na mlingoti umebaki kama kumbukumbu ya kazi yake. Simlaumu mwenye jahazi. Mfanyabiashara wa saruji hawezi kungoja upepo. Lakini ujuzi wa tanga hauhifadhiwi na anayebeba saruji. Umebaki kwa wenye ngalawa na mashua ndogo, wale ambao hawajamudu mafuta, na watoto wao wanajua kuvuta kamba ya injini ya kuazima kuliko kupiga bisho, kwenda dhidi ya upepo. Baharia wangu ana miaka 22. Alijifunza kwenda bisho mwaka jana tu, na mwalimu wake ni mashindano.

Watu wa mjini wakisikia mashindano ya matanga hufikiria Msasani. Klabu ya Yoti ya Dar es Salaam ipo tangu 1933, nami nimewahi kukaa kando nikitazama watoto wakitoka na vimashua vya Optimist, kila mtoto na chake. Kimashua hicho kilichorwa 1947 na Clark Mills huko Florida, Marekani, na urefu wake ni meta 2.3 tu. Siri yake ni kwamba vyote vinafanana. Mtoto akishinda, hakuna wa kusema amebebwa na chombo. Laser, chombo kingine kilichochorwa na Mkanada Bruce Kirby na kuingia Olimpiki 1996, kimejengwa juu ya wazo hilohilo. Huku ndiko kushindana kwa daraja: chombo kwa kadiri yake, ili kinachopimwa kiwe mkono na akili ya nahodha.

Na wazo hilo si mali ya wenye yoti. Resi za ngalawa zimeingia kwenye tamasha la filamu la ZIFF lililoanza Zanzibar 1998, na Lamu vyombo hushindana wakati wa Maulidi. Furaha tunayo, tena ya zamani. Shida niliyoiona mimi kwenye fuko zetu ndogo ni kwamba anayekuja hupangwa na yeyote aliyepo. Ngalawa ya watu wawili inawekwa mstari mmoja na mashua ya watu sita, tanga lake mara tatu. Mwenye ngalawa ndogo anafika wa mwisho, anachekwa, na mwaka unaofuata harudi. Halafu tunasema watu hawapendi mashindano.

Kisha nikarudi Posta ya Zamani, nikapanda basi la mwendokasi, nikashuka Fire, nikaingia Mtaa wa Msimbazi kwa miguu.

Kariakoo saa tatu asubuhi tayari imeshachemka. Jina lenyewe ni la wapagazi: Waingereza walipouteka mji 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, eneo hili likawa kambi ya wabeba mizigo wa jeshi, Carrier Corps, na midomo yetu ikalifanya Kariakoo. Mizigo haijaacha kubebwa tangu hapo. Nilipita karibu na soko kuu lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975, lenye nguzo zilizopanuka juu kama miavuli iliyogeuzwa. Liliungua Julai 2021, likakarabatiwa na kuongezewa jengo la ghorofa. Mimi kila nikiliona paa lile nafikiria matanga, labda kwa kuwa nina ugonjwa wa matanga.

Duka la vitambaa nililolizoea ni la mama mmoja asiyepoteza muda. Nilimwomba marekani nzito, nikataja yadi ninazotaka. Akaacha kukunja kanga, akaniangalia usoni.

"Pole sana, kaka. Nani amefariki?"

Nilikaa kidogo ndipo nikaelewa. Kitambaa cheupe, kingi, na mtu mwenye kiroba aliyekuja peke yake asubuhi na mapema.

"Hakuna aliyefariki, dada. Nashona tanga."

"Alhamdulillahi," akasema, na akaishusha jora kwa nguvu mezani.

Marekani ni kitambaa kilichosafiri. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikileta Zanzibar kwa shehena, na kwa kuwa kilitoka Marekani kikabaki na jina hilo hata nchi nyingine zilipoanza kukifuma. Siku hizi wengi wanaweka turubai la nailoni kwenye ngalawa. Ni rahisi, ni jepesi, halinyonyi maji. Nimelitumia. Lakini turubai halina tumbo zuri, linapiga kelele, na likianza kupasuka halina simile. Pamba ikichoka hukuonya. Yangu ilinionya mara tatu, nikapuuza.

Mama alipokuwa anapima yadi, tukazungumza. Anakwenda Dubai kuchukua mzigo, na safari moja alikuta televisheni ya hotelini inaonyesha majahazi makubwa, matanga meupe yamefunika bahari. Akadhani ni filamu. Nikamwambia ile ni Al Gaffal, mashindano yanayotoka kisiwa cha Sir Bu Nair hadi Dubai, yaliyoanza 1991. Majahazi yale yote ni ya futi 60. Ya futi 43 yana mashindano yake, ya futi 22 yana yake. Wale ni watu waliokuwa wakija kwetu na kaskazi na kurudi na kusi, matanga yao na yetu ni ndugu. Walipopata mafuta wangeweza kuyatupa. Badala yake waliyapanga kwa urefu, wakayapa siku, na mafundi wa mbao wakaendelea kuwa na kazi.

"Sasa sisi tumekosa nini?" mama akauliza. "Bahari tunayo."

"Tumekosa futi kamba," nikamjibu, na sikuwa natania.

Aliniongezea yadi mbili bila malipo. "Sadaka ya tanga," akasema.

Fundi nilimpata barazani, mtaa wa pili, cherehani ya kukanyaga miguu ambayo meza yake imeng'aa kwa miaka. Hushona mahema na vifuniko vya magari, lakini babu yake alikuwa mshona matanga Pangani, na mikono yake haijasahau. Alilitandaza tanga langu bovu sakafuni, akalisoma kwa vidole. Hakugusa kwanza pale lilipochanika. Aligusa mishono.

"Nani alikushonea hili?"

Sikumtaja.

"Alishona mara moja tu, na uzi wa nguo. Tanga unakunja ukingo juu ya ukingo, hivi, unapita mara mbili. Maji yakiingia yanakuta mlango umefungwa." Akakunja kipande mbele yangu, kitambaa ndani ya kitambaa, kama mtu anavyokunja sambusa. Kisha akauliza swali ambalo hakuna fundi mwingine wa Kariakoo amewahi kuniuliza: "Unataka tumbo kiasi gani?"

Tukajadiliana tumbo la tanga kwa robo saa, wapita njia wakitukanyagia kitambaa. Tanga lililokatwa bapa huenda vizuri dhidi ya upepo lakini linakufa upepo ukiwa hafifu. Lenye tumbo kubwa linavuta kama ng'ombe upepo ukitoka nyuma, na ukienda bisho linakupeleka pembeni kama kaa. Nilimweleza kwamba kaskazi itatupiga ubavuni kwenda na ubavuni kurudi. Akafikiri, akachora upinde wa mkaa kwenye ukingo, kiasi cha shibiri moja katikati. Kamba ya ukingoni aliishona kwa mkono, sindano nene na kipande cha ngozi kiganjani. Kabla sijaondoka akanipa sharti.

"Likishafika, lilowanishe maji ya chumvi, likaushe, ulitweke siku mbili tatu kwa upepo mdogo. Marekani mpya hutanuka. Usilipeleke kwenye mashindano kesho yake."

Nilimwambia sina siku mbili tatu. Akatikisa kichwa.

Wakati anashona nilizunguka kununua vilivyobaki: kamba ya henza ya kupandishia tanga, misumari, futi kamba moja ya meta 30, na jaketi okozi nne. Jaketi ndizo nilizokaa nazo zaidi. Nilizijaribu moja moja, nikavuta mikanda, nikaminya sponji. Muuzaji alikuwa na za bei ya chini, nyepesi mno, na alipoona ninavyoziminya akazirudisha mwenyewe akaleta nyingine. TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini, wanapokagua vyombo vidogo huuliza jaketi, na wanafanya haki. Sisi watu wa mwambao tumezika wengi. Spice Islander ilizama 2011, Skagit 2012. Zile zilikuwa meli, lakini kilio ni kilekile, na mwenye ngalawa anayesema yeye ni muogeleaji anajidanganya. Nahodha bora ninayemjua huvaa jaketi.

Kurudi kwa fundi nilipita mbele ya jengo la klabu ya Simba. Vijana walikuwa wanabishana juu ya mchezo wa wiki ile kana kwamba wao ndio wangeingia uwanjani. Yanga ilianza 1935, Simba 1936, vikundi vya vijana wa mitaa hii hii ya Kariakoo waliokubaliana siku, kiwanja na kanuni. Hawakuwa na viwanja vya nyasi wala wadhamini. Walikuwa na mtaa wa pili wa kuushinda. Nilisimama pale nikiwa na jaketi nne shingoni, nikafikiri: Mjimwema ina Mbwamaji ya kuishinda, Kimbiji ina Buyuni.

Jumamosi alasiri tulipima vyombo. Hapo ndipo nilipojua futi kamba ile ilikuwa ununuzi bora kuliko vyote. Mabaharia wetu hupima kwa dhiraa, kiwiko hadi ncha ya kidole, na kila mtu ana dhiraa yake. Mwenye ngalawa mmoja alisema chake ni dhiraa kumi, jirani yake akapima akasema kumi na moja, sauti zikaanza kupanda. Nikaikunjua futi kamba, mtu mmoja akashika omo, mwingine tezi. Meta 4.9. Wote wawili wakainama kusoma, wakanyamaza. Tulikuwa tumekubaliana mstari uwe meta tano, chini yake daraja dogo, juu yake daraja kubwa, kwa kuwa magogo ya mwembe ya upande wetu hujigawa takriban hapo. Zikawa sita ndogo, nne kubwa, na mashua moja ya mbao iliyokosa mwenzake.

Mwenye mashua alitaka kuondoka. Tukamwomba abebe wasioshindana: wazee, watoto, mke wa nahodha mmoja aliyetaka kuona mumewe anafanya nini huko nje siku zote. Afuate nyuma, awe jicho la kila mtu. Alikubali, na nadhani yeye ndiye aliyefurahi kuliko wote. Kuna watu hawapendi kushindana kabisa, wanapenda kusafiri wakiwa wengi, na shughuli isiyowapa nafasi imepoteza nusu ya vyombo.

Kanuni tulizisema kwa mdomo, tumesimama mchangani. Hakuna injini. Kafi ni kwa kuondokea na kwa dharura. Jaketi mwilini, si chini ya miguu. Vyombo viwili vikikaribiana, cha upande wa joshi, upepo unakotoka, kikipishe cha upande wa demani. Na anayesimama kumsaidia mwenzake atarudishiwa muda wake. Hiyo ya mwisho imo pia kwenye kanuni za mashindano ya matanga za dunia nzima, lakini hakuna aliyehitaji kuambiwa hivyo. Polisi Wanamaji tulikuwa tumewaarifu, na njia yote ilikaa mbali na mkondo wa meli.

Mzee wa Kimbiji alifika Jumapili saa saba. Na chombo. Na mjukuu wake wa kike wa miaka 17, aliyevaa suruali chini ya dera na kushika demani, kamba ya tanga, kama mtu aliyeshika tangu utotoni. Kijana mmoja akaguna. Nikamwambia kwamba Olimpiki ya Tokyo, jirani zetu Msumbiji walipeleka mabaharia wa kike: Deizy Nhaquile peke yake kwenye Laser Radial, Denise Parruque na Maria Machava pamoja kwenye chombo cha watu wawili. Bahari yao ndiyo hii hii, ukishuka kusini. Mzee hakungoja nimalize. "Huyu ndiye anayejua tanga langu," akasema, "wavulana wamekwenda kuendesha bodaboda."

Saa nane tuliondoka kwa kukimbia majini, matanga yameshushwa, filimbi, kila mtu anavuta henza. Kwa muda mfupi ilikuwa kelele tupu, foramali zinagongana, mtu anaita jina la mama yake. Kisha tanga la kwanza likajaa, la pili, la tano, na ikawa kimya. Yeyote aliyewahi kuwa ndani ya ngalawa tanga linapojaa anajua kimya hicho. Gogo linaacha kuyumba, mbao za pembeni zinaanza kukata maji na sauti ya kitambaa kinachochanwa taratibu, na chombo ambacho sekunde iliyopita kilikuwa mzigo kinakuwa mnyama.

Nilitazama kushoto na kulia. Matanga kumi, mbali na langu. Sikuwahi kuyaona kumi pamoja upande wetu tangu nikiwa mdogo.

Tanga langu jipya lilivuta vizuri mpaka katikati ya njia, kisha likafanya alichosema fundi. Likatanuka. Ukingo ukalegea, tumbo likawa kubwa kuliko shibiri yetu, na tukaanza kuteleza pembeni. Baharia wangu alikaza kamba, ikasaidia kidogo. Tulipofika boya tuliloweka karibu na Sinda tulikuwa wa nne katika sita. Hatukushuka kisiwani, maana ni hifadhi na kushuka kuna utaratibu wake. Tulizunguka tu, karibu kiasi cha kuona matumbawe chini yakiwa ya zambarau.

Wakati wa kurudi mti mmoja wa kukingama wa ngalawa ya Mbwamaji ulikatika, mbao ya pembeni ikaachia, chombo kikalala ubavu. Waliokuwamo walikuwa watatu. Kabla sijageuza, mzee wa Kimbiji alikuwa ameshageuza. Alikuwa anaongoza daraja kubwa, tena kwa mbali. Alishusha tanga, akasogea upande wa demani wao, mjukuu akarusha kamba, na mashua ikafika nyuma yake. Nilihesabu vichwa: watatu, rangi ya chungwa ya jaketi inaonekana wazi juu ya maji. Si zaidi ya dakika kumi, watu wako ndani ya mashua, na ngalawa inakokotwa. Nikamkumbuka mjomba na ile siku yake nzima.

Aliyegusa mchanga wa kwanza katika daraja kubwa alikuwa kijana wa Buyuni. Tulipokaa kuhesabu muda, yeye mwenyewe ndiye aliyesema mzee arudishiwe dakika zake, na zilipotolewa mzee akawa wa kwanza. Zawadi ilikuwa jora ndogo ya marekani niliyoibeba kutoka Kariakoo pamoja na ile yangu. Mzee aliipima kwa dhiraa, kisha akaniomba futi kamba, akapima tena.

Jumatatu watu watatu walinipigia simu kuuliza siku nyingine ni lini, na mmoja wao ni yule aliyekatikiwa mti.

Siku nyingine ni Jumapili ya mwezi mpevu unaokuja, saa nane mchana, maji yakiwa yanajaa, Mjimwema. Mwenye ngalawa ya meta nne aje, mwenye ya meta saba aje, mwenye mashua aje atafute mwenzake wa kupangwa naye. Asiyetaka kushindana aje tutoke pamoja hadi Sinda na kurudi. Njooni na jaketi za watu wote mtakaowapakia, na tanga lililoshonwa mara mbili. Futi kamba ninayo.